Mshika Mbili Si Lazima Aponyokwe: Funzo la Mfinyanzi Magdalene Odundo

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Wakaongeza kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na kwamba mtaka yote hukosa yote. Ni methali zinazofunzwa tangu shule ya msingi, zikatungiwa insha, zikatolewa mifano, na hatimaye zikageuka kuwa hukumu. Kijana anayechora vizuri na papo hapo akaandika mashairi huambiwa achague moja. Msichana anayependa hisabati na ushonaji huulizwa kwa ukali anataka kuwa nani hasa. Hata katika idara za Kiswahili, mwanafunzi wa isimu anayejaribu kutunga tamthilia hutazamwa kama msafiri aliyepotea njia.

Makala haya yanashikilia kwamba methali hizo, japo zina hekima isiyopingika, zimekuwa zikitumiwa mahali pasipo pake. Zilikusudiwa kumwonya mwenye pupa. Hazikukusudiwa kumfunga mikono mwenye vipaji vingi. Mtu anaweza kushika mbili, hata tatu, asiponyokwe na lolote, mradi akubali kuwa mwanafunzi wa kweli wa kila analolishika. Ushahidi wa jambo hili upo katika maisha ya Mkenya mmoja ambaye jina lake linajulikana zaidi London kuliko Rangwe: Magdalene Odundo.

Safari ya mikono miwili

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Elimu yake ya awali aliipata India na Kenya, kisha akasomea michoro ya kibiashara katika chuo cha ufundi cha Kabete. Kwa hiyo, hakuanza na udongo. Alianza na kalamu, karatasi na herufi, akijifunza namna ya kuupanga ujumbe ili jicho liusome kwa haraka. Mwaka wa 1971 alielekea Uingereza kuendeleza taaluma hiyo hiyo ya usanifu wa michoro, akaingia chuo cha sanaa mjini Cambridge. Huko ndiko alikokutana na udongo, naye akiwa amekwisha kutimiza miaka ishirini. Kwa kipimo cha wanaoamini kuwa njia mbili humshinda fisi, huo ulikuwa wakati wa kuambiwa, "Bibi, umechelewa, shika ulichokianza."

Hakushika alichokianza peke yake, wala hakukitupa. Kati ya miaka ya 1974 na 1975 alisafiri hadi Nigeria na kurudi Kenya kujifunza ufinyanzi wa mikono. Nchini Nigeria alikaa katika Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hata hivyo, waliomfunza kufinyanga kwa mikono walikuwa wanawake wa Kiafrika wa kituo hicho, akiwemo Ladi Kwali, aliyejifunza kazi hiyo utotoni kutoka kwa shangazi yake. Ni vyema ikumbukwe kwamba Nigeria haikumwacha Ladi Kwali asahaulike: Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima mwaka wa 1977, na sura yake imechapishwa nyuma ya noti ya naira 20.

Odundo alifika pia San Ildefonso, kijiji cha Wenyeji Asilia wa Marekani katika jimbo la New Mexico, akatazama jinsi wafinyanzi wa huko wanavyotengeneza vyombo vyeusi vinavyong'aa bila kupakwa rangi ya dukani. Alirejea Uingereza, akahitimu shahada ya kwanza katika chuo cha West Surrey mwaka wa 1976, na shahada ya uzamili katika chuo maarufu cha Royal College of Art mwaka wa 1982. Kuanzia hapo alifundisha na kufinyanga kwa pamoja, na mwaka wa 2001 akawa profesa wa ufinyanzi.

Kazi zake za udongo zinastahili kuelezwa kwa makini, kwani ndizo msingi wa hoja hii. Hatumii gurudumu. Huuinua udongo kwa mikono, akaongeza misokoto juu ya misokoto, akaukwangua kwa vipande vya kibuyu, kisha akaupaka uji laini wa udongo na kuusugua tena na tena mpaka ung'ae. Chombo kikichomwa mara ya kwanza katika joko lenye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa kutu. Kikichomwa tena katika moshi mwingi na hewa haba hugeuka cheusi, na mara nyingine weusi na wekundu hukutana katika chombo kimoja. Shingo huinama, tumbo huvimba, mdomo hufunguka kama wa mtu anayetaka kunena. Anayekitazama hukiona chungu, na papo hapo akauona mwili wa mwanamke. Isitoshe, mstari wa nje wa vyombo hivyo ni msafi kana kwamba umechorwa kwa mkupuo mmoja wa kalamu. Hapo ndipo mchoraji wa Kabete anapojitokeza ndani ya mfinyanzi. La kwanza halikumponyoka. Limo ndani ya la pili.

Wala hakukomea kwenye udongo. Mwaka wa 2014 alikamilisha kazi ya kioo iitwayo Transition II, yenye vipande vipatavyo elfu moja vya kioo vilivyoning'inizwa angani kama kundi la ndege. Kioo ni malighafi ya tabia nyingine kabisa: mfinyanzi hukigusa udongo kwa vidole, ilhali kioo cha moto hakigusiki. Ilimbidi ashirikiane na mafundi wa kioo na kuwa mwanafunzi tena, akiwa tayari na umri wa zaidi ya miaka sitini. Katika maonyesho yake ya mwaka wa 2019 huko Wakefield, Uingereza, yaliyopewa jina la The Journey of Things, alivipanga vyombo vyake pamoja na vitu vya kale na vya kisasa kutoka sehemu nyingi za dunia, naye akawa kama mhakiki anayelinganisha matini. Mwaka wa 2024, katika maonyesho ya Houghton Hall, alionyesha kazi aliyoifanya kwa ushirikiano na kiwanda cha kale cha vyombo cha Wedgwood. Mnamo 2018 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa Bunifu cha Uingereza, na mwaka wa 2020 akatunukiwa nishani ya ngazi ya Dame.

Anayefuatilia orodha hii kwa haraka ataiona kama ya mtu aliyerukaruka. Anayeifuatilia kwa utulivu ataona kwamba swali ni lile lile tangu mwanzo: umbo la nje hubebaje uhai wa ndani? Kalamu ililiuliza, udongo ukalijibu kwa namna yake, kioo kikalijibu kwa namna nyingine.

Odundo si wa pekee katika hili. Nchini Ufini aliishi msanifu Tapio Wirkkala, aliyezaliwa mwaka wa 1915 na kufariki mwaka wa 1985. Alisomea uchongaji, lakini akabuni vyombo vya kioo, sahani za mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, vyombo vya fedha na vya kauri, visu, na hata noti za nchi yake. Inajulikana kwamba mifano ya kazi zake nyingi aliichonga mwenyewe kwa kisu cha jadi cha Kifini. Fani zilikuwa nyingi, kisu kilikuwa kimoja. Nchi hiyo ndogo ilimwona kuwa hazina, na haikumtaka aeleze kwa nini hakubaki mchongaji tu.

Asumbi na chungu cha mama mkwe

Yamkini msomaji atauliza, haya ya London na Ufini yanahusiana vipi na Asumbi? Yanahusiana sana. Asumbi ni kituo cha siku nyingi cha misheni ya Kikatoliki katika Kaunti ya Homa Bay, ambayo inapakana na ile ya Migori. Panajulikana nchini kote kwa shule yake ya wasichana na kwa chuo chake cha ualimu. Maana yake ni kwamba Asumbi ni mahali wanapotengenezwa watu watakaowatengeneza watu. Mwalimu anayehitimu hapo atasimama mbele ya watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na neno lake kuhusu mshika mbili litaamua mengi.

Aidha, Asumbi imo katika nchi ya Waluo, na Waluo ni watu wa chungu. Agulu ndilo jina la chungu kwa Kiluo, na dapi ni mtungi wa maji, ule unaoyapoza maji bila umeme kwa sababu unyevu hupenya polepole kwenye ngozi yake ya udongo na kukauka kwa nje. Ufinyanzi huu ni kazi ya wanawake. Utafiti wa mwanaanthropolojia Ingrid Herbich miongoni mwa wafinyanzi wa Kiluo, uliochapishwa mwaka wa 1987, ulibainisha jambo la kushangaza: wengi wao hawakujifunza kazi hiyo kwa mama zao walipokuwa wasichana. Walijifunza baada ya kuolewa, katika boma la mume, wakifundishwa na mama mkwe au wake wenza. Mtindo wa chungu, nakshi zake na umbo la shingo yake vilikuwa vya jamii ile ya wafinyanzi aliyoolewa bibi, wala si vya nyumbani alikozaliwa.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa hoja ya makala haya. Mwanamke huyo aliingia ufinyanzi akiwa mtu mzima, kama Odundo. Alikuwa tayari na stadi nyingine alizokuja nazo: kilimo, biashara ya sokoni, upishi, nyimbo. Hakuna aliyemwambia kwamba amechelewa au kwamba moja litamponyoka. Aliambiwa aketi, atazame, akosee, arudie. Alikuwa mkaza mwana na mwanagenzi kwa wakati mmoja, na heshima aliyompa mama mkwe ndiyo iliyokuwa karo yake. Kwa hakika, Nyanza ilikuwa na elimu ya watu wazima katika usanifu kabla ya vyuo vya usanifu kufunguliwa.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Katika Kiluo, kitenzi chweyo hutumika kwa kufinyanga chungu na pia kwa kuumba, na Mwenyezi Mungu huitwa Jachwech, Muumba. Kiswahili nacho kimehifadhi jambo hilo hilo: kuumba ni kazi ya Muumba, na tangu zamani ni kazi ya mwenye vyungu pia. Lugha mbili za nasaba tofauti, moja ya Kibantu na nyingine ya Kinailoti, zimekubaliana kwamba anayelipa udongo umbo anafanya kazi ya heshima kuu.

Fundi ni mmoja, vijalizo ni vingi

Wanafunzi wa Kiswahili wanalo neno moja ambalo lingetosha kulimaliza suala hili, nalo ni fundi. Fundi seremala, fundi mwashi, fundi cherehani, fundi wa magari, fundi wa tungo. Nomino kuu haibadiliki. Kinachobadilika ni kijalizo. Wasemaji wa Kiswahili walitambua mapema kwamba kuna kiini kimoja cha ufundi, yaani subira, jicho, mkono na heshima kwa malighafi, na kwamba kiini hicho kinaweza kuhama kutoka mti hadi kitambaa na kutoka kitambaa hadi neno.

Fasihi ya Kiswahili haina upungufu wa mafundi wa namna hiyo. Shaaban Robert alitunga mashairi, akaandika riwaya, insha, tawasifu na wasifu wa Siti binti Saad. Said Ahmed Mohamed ameandika riwaya, tamthilia, mashairi na hadithi fupi, na papo hapo akaandika vitabu vya isimu. Kyallo Wadi Wamitila ni mwandishi wa riwaya, mhakiki na mtunzi wa kamusi. Endapo wangeshikiliwa kwa nguvu na methali ya mshika mbili, rafu za maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zingekuwa na mapengo makubwa. Ajabu ni kwamba mwanafunzi hutahiniwa juu ya vitabu vya mafundi hawa wa fani nyingi, kisha akatoka darasani na kuonywa asifanane nao.

Ndipo panapohitajika kuisoma upya methali yenyewe kama matini. Mshika mbili huponyokwa kwa sababu anashika kwa wakati mmoja, kwa mkono mmoja, bila kuachia nafasi ya kujifunza. Kosa lake ni pupa. Odundo hakushika kwa pupa. Alipohamia udongo alivuka bara zima kwenda kuketi mbele ya walimu. Alipohamia kioo alikubali kuongozwa na waliokijua. Kwa maneno mengine, kila alipovuka mpaka wa fani alilipa ushuru. Anayedonoadonoa fani kumi bila kukaa hata mwaka mmoja katika yoyote kati ya hizo ndiye fisi wa methali, na makala haya hayamtetei.

Pingamizi

Wapo watakaopinga, na pingamizi zao zina mashiko. Watasema kwanza kwamba mfinyanzi hulia gaeni: anayetengeneza vyombo vizuri hula kwenye kigae. Mtungi wa plastiki umeuondoa mtungi wa udongo katika nyumba nyingi, na bei ya chungu sokoni hailingani na jasho lililoingia ndani yake. Kumshauri kijana wa Asumbi ashike udongo, watasema, ni kumshauri ashike umaskini.

Jibu ni kwamba hali hiyo haikuletwa na udongo. Ililetwa na kuutenga udongo na kalamu. Wafinyanzi wa Nyanza waliachwa na chungu pekee, bila michoro, bila kumbukumbu zilizoandikwa, bila maonyesho, bila jina chini ya kazi zao. Aliyeunganisha vyote hivyo, vyombo vyake vimo katika hifadhi za makumbusho kubwa kama vile British Museum. Tofauti kati yake na mama wa kijijini si kipaji. Tofauti ni fursa ya kushika mbili.

Watasema pili kwamba Odundo alilazimika kuondoka, hivyo basi mfano wake ni wa uhamiaji tu. Ni kweli kwamba alijenga maisha yake ugenini, na hilo ni jambo la kuitia Kenya aibu badala ya fahari. Hata hivyo, alichokwenda kukitafuta Abuja kilikuwa elimu ya wanawake wa Kiafrika. Nigeria ilikuwa na kituo ambamo wafinyanzi wa jadi waliajiriwa na kuwa walimu, na Mkenya akasafiri kwenda kukisoma huko. Mama wa aina ya Ladi Kwali hawakukosekana Nyanza. Kilichokosekana ni mlango wa taasisi uliofunguliwa kwao.

Watasema tatu kwamba shule hazina muda. Hapa historia ya elimu ya Kenya inapaswa kutazamwa bila huruma. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliingiza masomo ya sanaa na ufundi katika shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika orodha ya yanayotahiniwa kitaifa, na kisichotahiniwa hakikufundishwa. Vipindi viligeuzwa kuwa vya hisabati, na udongo ukaachiwa mvua. Mtaala wa Umilisi, uliojaribiwa kuanzia 2017 na kuenea nchini mwaka wa 2019, umeirudisha sanaa bunifu darasani, na tangu Januari 2026 wanafunzi wa shule za upili za juu wana mkondo wa sanaa na michezo. Hiyo ni hatua njema. Lakini mikondo nayo ina hatari yake: ikichukuliwa kama kuta, itakuwa ni methali ile ile iliyovalishwa sare mpya. Mwanafunzi wa mkondo wa sayansi anayejua kemia ya udongo na moto angekuwa mfinyanzi bora. Mfinyanzi anayeijua kemia hiyo hangepasukiwa na vyungu kila anapochoma.

Yafaayo kutendwa

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja hazina kuu ya serikali. La kwanza, vyuo vya ualimu, na hasa vilivyo katikati ya jamii za wafinyanzi kama kile cha Asumbi, vingeweza kuwaalika wafinyanzi wa vijijini wawafunze walimu wanagenzi, nao walipwe kama wakufunzi na majina yao yaandikwe. Yule mama asiyejua kusoma anaweza kumfunza mwenye stashahada namna ya kujua kwa kugonga kwa kidole iwapo chungu kina ufa. Huo nao ni usomaji.

La pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Maseno, Moi, Nairobi, Dar es Salaam, Makerere na kwingineko zingeweza kuwatuma wanafunzi wao wakusanye istilahi za ufundi. Kiswahili kina finyanga, umba, joko, kigae na kikango; kinahitaji pia majina ya hatua, ya vifaa na ya dosari za kazi, na mengi kati ya hayo yamo vinywani mwa mafundi wa lugha jirani yakisubiri kukaribishwa. Tasnifu moja juu ya msamiati wa ufinyanzi wa Nyanza ingefaa zaidi kuliko tasnifu ya ishirini juu ya riwaya ile ile.

La tatu, mwanafunzi wa fasihi aruhusiwe kutunga na kuhakiki kwa pamoja, na kazi yake ya kubuni ipimwe kwa ukali ule ule wa kitaaluma. Asiyewahi kufinyanga hawezi kueleza vyema kwa nini chungu kilipasuka.

Wahenga hao hao walionya juu ya mshika mbili walisema pia kwamba udongo uwahi ungali maji. Wanafunzi wa Asumbi leo ni udongo mbichi, na walimu wao pia. Wakiambiwa kila siku kwamba mikono miwili ni mingi mno, watakauka katika umbo moja, na umbo hilo halitabadilika bila kuvunjika. Wakifunzwa kushika kwa unyenyekevu, kuketi mbele ya mwalimu katika kila fani wanayoingia, na kuibeba fani ya kwanza ndani ya ya pili, patatokea mafundi ambao hawatalazimika kwenda ng'ambo ili mikono yao yote miwili itambuliwe.